Mwaka Ambao Wageni Waliacha Kutazamwa

Tulipomaliza kumzika Manju Lubango, Maduhu alinitafuta katikati ya watu waliokuwa wanakula wali wa msiba, akaketi kando yangu kwenye mkeka bila kuuliza kama pana nafasi. Sasa anatembea kwa fimbo, na jicho lake moja lina ukungu. Kwa miaka mingi watu hao wawili waliongoza ngoma za pande mbili zinazopingana, Lubango kwa Bagika na Maduhu kwa Bagalu, na sidhani kama kuna tusi la kuimbwa ambalo hawakuwahi kuimbiana. Alikula matonge machache, kisha akasema, "Shija, mwenzangu ameenda. Sasa nani atanitukana?" Nikamwambia vijana wapo. Akatikisa kichwa. "Vijana wanatukana kama redio. Hawakujui, wanakutukana tu." Akajifuta vidole, akaendelea kama mtu anayefungua kesi iliyolala: "Na wale Wazungu wako, bado nasema walikuwa samba." Nikamjibu kwamba suala hilo liliamuliwa zamani. "Liliamuliwa na watu," akasema. "Mimi sikuamua." Tulicheka mpaka mama mmoja wa upande wa wafiwa akatugeukia, nasi tukainamisha vichwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni, lakini huzuni hiyo ilikuwa imechanganyika na furaha ambayo sikuweza kuieleza mpaka nilipoamua kuuandika mwaka ule wenyewe.

Msomaji asiyetoka kwetu anahitaji kujua jambo moja kwanza, maana bila hilo mengine yote hayashikiki. Baada ya mavuno, pamba ikiwa imeshachumwa na mtama uko ghalani, vijiji vya huku Bariadi hushindana kwa ngoma. Hakuna jaji mwenye karatasi ya alama. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kimoja upande huu na kingine upande ule, na watazamaji hukimbilia kule kunakowavutia. Huweza kuhama mara nyingi kabla ya jua kushuka. Mwishoni wazee hutazama tu: aliyezungukwa na watu ameshinda, aliyebaki akicheza na vumbi lake ameshindwa. Watu huamua kwa miguu. Kwa sababu hiyo kila manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, husemwa kuwa ana samba, dawa ya kuvuta watu. Akishinda kupita kiasi, wapinzani hawasemi amecheza vizuri. Wanauliza samba yake ameitoa wapi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mkoa wetu ulikuwa bado haujaitwa Simiyu. Nilifanya kazi katika gesti moja ya Lamadi, kando ya barabara kuu, ambako asubuhi yote inanuka dagaa wanaoanikwa na malori hayaachi kupita. Nilikuwa nafua mashuka, nafagia, na kwa kuwa nilijifundisha Kiingereza kwa kamusi iliyopoteza jalada na kwa redio ya mwenye gesti, nilikuwa pia mkalimani. Magari ya watalii yalipita mbele yetu kila siku yakielekea lango la Serengeti. Yalisimama kununua maji na soda, kisha yakaondoka. Jambo hilo lilinisumbua kwa namna ya mtu anayependa kupanga vitu. Watu hawa, nilijiambia, wamevuka bahari waone kitu ambacho hawajawahi kukiona, na hapa wamekikaribia kwa mwendo wa saa chache, nao wanakipita madirisha yakiwa yamefungwa. Nilimweleza dereva mmoja wazo langu la kuwapeleka wageni kwenye ngoma zetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga chupa yake ya soda, akaniita kama tunavyoitana wanaume wa kwetu: "Ngosha, mgeni analipia simba. Wewe unataka nikamwonyeshe Wasukuma? Wasukuma si nipo hapa, anitazame bure."

Nafasi yangu ililetwa na gea boksi. Lori moja la watalii liliharibika hapo Lamadi, kifaa kikaagizwa Mwanza, na wageni wakabaki gestini wakicheza karata na kulalamikia joto. Wengi waliamua kusubiri. Wawili, mume na mke wa makamo walioitwa Pieter na Anna, walikubali kufuatana nami. Tulipanda pikapu ya samaki iliyokuwa inakwenda Bariadi, tukashuka kwenye njia panda, tukatembea kuingia kijijini kwetu. Nilitangulia kifua mbele. Niliwapeleka moja kwa moja kwa Mayu Minza (mayu kwetu ni mama), dada mkubwa wa Lubango, mjane mwenye nyumba safi na ulimi usio na kutu. Aliwatazama, akanivuta pembeni. "Hawa wanakula?" Nikasema wanakula. "Wanakaa chini?" Nikasema sina hakika. "Basi kaazime viti kanisani," akasema. "Mgeni hawezi kusimama juani katika kijiji changu, halafu watu wa Maduhu waseme Bagika hawana adabu."

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa sababu ya adabu. Viti vililetwa, viti vizuri vya mbao vyenye migongo, vikawekwa mbele kabisa, karibu na uwanja wa Bagika kwa kuwa wageni walikuwa wa Mayu Minza. Ngoma zikaanza. Vijana wa Lubango walicheza na majembe, wakiyarusha juu yakizunguka na kuyadaka kwa nyuma ya migongo. Upande wa pili Bagalu walikuwa na mtu aliyevaa ngozi ya fisi, akitembea kwa mikono. Ilikuwa ngoma nzuri pande zote mbili. Lakini baada ya muda mfupi niligundua kwamba hakuna anayeitazama. Watu walikuwa wameacha vikundi vyote viwili, wakaja kuvizunguka viti. Watoto walichuchumaa mbele ya Anna wakimtazama magoti. Akina mama walijadili nywele za Pieter kwa sauti ya juu. Mwanamume mmoja alimbeba baba yake mzee mgongoni ili aone. Wacheza ngoma walizidisha bidii, wakarusha majembe juu zaidi, na hakuna aliyegeuka. Anna aliniuliza, "Shija, ngoma iko wapi? Naona watu tu." Wageni wawili waliokaa kimya kwenye viti vya kanisa walikuwa wamewashinda manju wawili bora wa wilaya nzima.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Kwa kuwa viti vilikuwa upande wa Bagika, umati ulionekana kama umemzunguka Lubango. Wazee walipotaka kuamua, Maduhu aliingia katikati ya uwanja, jasho likimtiririka, akanyoosha mkono kuelekea viti. "Hii si ngoma," alisema. "Lubango amenunua samba ya Kizungu. Mwaka jana tuliambiwa ana mzizi kutoka Malampaka. Mwaka huu ameleta watu wazima wawili wenye miguu. Mwakani, nawaambieni, ataagiza tembo kutoka Serengeti." Watu walicheka, hata Bagika, na kicheko hicho ndicho kilichomuumiza Lubango. Wazee wakasema ngoma irudiwe baada ya wiki moja. Lubango alikuwa ameshatangaza kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho. Magoti yalikuwa yamechoka, na baada ya hapo majembe yangekwenda kwa mwingine. Sasa jina lake lilikuwa limeshikwa mahali ambapo halikuwa na pa kutokea. Wageni wakiondoka naye akashinda, ingesemwa mabaki ya samba yapo. Akishindwa, ingesemwa samba imeondoka na lori. Na wakibaki, umati ungevizunguka viti tena.

Jioni hiyo tulikaa jikoni kwa Mayu Minza, moshi ukiwa chini na mlango wazi. Lubango alikaa kwenye kinu kilicholazwa, mrefu, mkavu, hajavua njuga miguuni, na kila aliposogea zililia kidogo kama zinamchongea. Pieter na Anna walikuwa chumba cha pili. Waliniambia wameamua kutorudi kwenye lori. Wameona simba katika nchi tatu, alisema Pieter, lakini ngoma waliyofuata huku hawajaiona. Nilipowaeleza wenyeji hivyo, Lubango alinigeukia. "Shija," alisema, "umeniletea samba ambayo sikuiomba. Sasa iondoe nguvu." Nikamuuliza inaondolewaje. "Mimi manju," akasema. "Najua kuitia. Kuitoa sijawahi kuhitaji." Mayu Minza alikuwa anasonga ugali, amekibana chungu kwa miguu, na hakugeuka aliposema, "Nyie wanaume mnataka mganga. Mtu uliyemwona amepaliwa na ugali, machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka, utamtazama tena uwanjani? Wakae. Wale, wateke maji, waugue tumbo. Watu watachoka nao." Lubango akaanza kucheka polepole, njuga zikacheka pamoja naye. "Wiki inatosha?" akauliza. Mayu Minza akasema, "Marehemu mume wangu nilimchoka kwa siku tatu."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Watu wengine hufundishwa utalii vyuoni. Mimi niliujifunza kwa kuhakikisha wageni wawili wanapoteza thamani ya kutazamwa. Nilianza na chumba. Kilikuwa kimejaa pamba iliyosubiri kupelekwa kwa mnunuzi, imefika karibu na dari, na kitanda kilibanwa kwenye kona kama mtu aliyechelewa kwenye basi. Nilitaka kuihamisha. Mayu Minza akakataa: pamba hailali nje kwa ajili ya mtu. Anna alilala hapo, asubuhi akatoka na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, na watoto waliokuwa wamejipanga mlangoni tangu alfajiri wakaangua kicheko. Nikaona kicheko hicho ni mwanzo mzuri. Kisha chakula. Asubuhi tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, pamoja na chai ya maziwa. Mchana ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyopikwa kwa karanga. Pieter alipaliwa siku ya pili, kama ilivyotabiriwa. Habari hiyo ilifika kwa Bagalu kabla hajamaliza kunywa maji.

Anna alikwenda lamboni kuteka maji na akina mama. Siku ya kwanza walimwacha atangulie ili wamwone anavyotembea, na ndoo ilimwagika yote mgongoni. Nilikuwa nyuma yao nikiwasikia. "Kichwa chake ni cha mviringo mno," alisema mmoja. "Si kichwa, ni shingo. Anabeba kama anaogopa ndoo itamsikia." "Ana watoto?" "Wawili, wakubwa." "Basi anajua maumivu. Mfundishe kata." Wakamsukia kata ya majani, wakamwekea kichwani, wakamsahihisha mabega kama wanavyomsahihisha mwali. Siku ya nne alifika nyumbani na nusu ndoo. Siku ya tano alifika nayo ikiwa imejaa, na hakuna aliyemsifu. Yeye alinigeukia akitaka nimtafsirie sifa, nikamwambia hakuna. Wote walikuwa wanazungumza habari ya mbuzi aliyekula kanga ya mtu.

Jambo gumu lilikuwa salamu. Kwetu hupiti mbele ya mji wa mtu kama upepo. Unasimama, unasema mwangaluka, unajibiwa, unaulizwa mhola, unajibu mhola, unaulizwa ya ulikolala na ya ng'ombe na ya watoto, nawe unauliza yako. Niliwafundisha wageni kujibu "mhola" kwa kila swali, maana yake ni salama, na kwa siku mbili mpango ulikwenda vizuri. Siku ya tatu Pieter alikwenda peke yake kwa mzee mmoja wa Bagalu aliyekuwa ametoka kupoteza fahali kwa ugonjwa. Mzee akamweleza kwa uchungu jinsi fahali alivyoanguka. Pieter akamjibu, "Mhola." Mzee akaeleza tena. "Mhola," akasema Pieter, akamshika mkono kwa furaha. Mzee aliutazama mkono ulioshikwa, kisha akacheka mpaka akakaa chini, akamwita mkewe alete pombe ya mtama. Mchana wote Pieter alikuwa huko. Alirudi akiwa mshabiki wa Bagalu, akiimba wimbo wa kumtukana Lubango ambao hakuuelewa hata neno moja. Mayu Minza alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mwambie mgeni wangu," alisema, "ugali wa Bagika tumboni, nyimbo za Bagalu mdomoni. Leo atalala na mbuzi." Anna alikuwa tayari Mgika kuliko Bagika wenyewe. Siku zilizobaki mume na mke hao walibishana kwa lugha yao, na majina mawili tu, Lubango na Maduhu, ndiyo tuliyoyasikia yakirushwa huku na huku.

Nimepokea wageni wengi tangu wakati huo. Siku hizi wanakuja kila msimu, na baadhi yao ni Watanzania wa Dar es Salaam na Arusha ambao hawajawahi kulala karibu na pamba. Huwa naulizwa kwa nini siwachukui kwa siku moja, waone ngoma na kuondoka. Naeleza kwamba ndani ya hifadhi mgeni anakaa kwenye gari na kutazama. Huku kwetu yeye ndiye hutazamwa kwanza, na mpaka kutazamwa huko kuishe, hataona kitu. Atakuwa amesafiri mbali sana kuja kuona watu wanaomwona. Hilo sikulitunga. Nililiona likitokea mbele ya macho yangu asubuhi moja, pale kijana mmoja alipopita na mbuzi mbele ya nyumba ya Mayu Minza. Anna alikuwa ameinama anafua. Kijana akasema, "Mwangaluka, mayu," akajibiwa, akaenda zake, bila kupunguza mwendo, bila kugeuza shingo. Nilikuwa na bakuli la chai mkononi. Niliiacha ipoe nikimtazama yule kijana mpaka alipopotea nyuma ya mabua ya mtama.

Siku ya marudio, vumbi lilianza kuonekana kutoka mbali, watu wakija kutoka vijiji vya jirani na wengine kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Nilikuwa na hofu moja iliyobaki: hao wa mbali walikuwa hawajawazoea. Na kweli, vijana wachache wa mjini walimwona Anna, wakaanza kusogea. Mwanamke mmoja wa lamboni akawauliza, "Mnatazama nini? Huyo si Anna tu? Jana kamwaga maji yangu." Wakaona aibu, wakaachana naye. Hakukuwa na watu waliomzunguka, kwa hiyo nao hawakupata sababu.

Ngoma zilipoanza, Maduhu alichukua uwanja mapema. Fisi wake alikuwa amejifunza kupanda juu ya bega la mwenzake na kucheka kama fisi wa kweli, na umati wote ulikwenda huko kama maji yanavyofuata mfereji. Pieter alikuwa mbele, anapiga makofi. Upande wetu walibaki wazee, Mayu Minza, Anna na mimi. Lubango alicheza mbele yetu kana kwamba uwanja umejaa, lakini nilimwona akitazama magoti yake. Jua likaanza kushuka. Maduhu akaimba ubeti wa tembo aliyekataa kuja, na kicheko chao kikatupiga kama upepo wa jangwani.

Ndipo Lubango akainua mkono, na ngoma zake zikanyamaza. Nilidhani amekubali kushindwa. Vijana wake hawakuacha kucheza. Walijipanga mstari mmoja mrefu, wakainua majembe kwa pamoja, wakayashusha ardhini, ardhi kavu ya mbuga nyeusi iliyopasuka kwa kiangazi, wakayainua, wakayashusha. Hakuna ngoma wala wimbo, ni majembe na njuga tu. Mshindo huo haukuingia masikioni kwanza, uliingia kwenye nyayo. Niliona watu wa upande wa pili wakitazama chini, kisha wakitazamana, kisha wakigeuka. Lubango akaanza kuimba juu ya mshindo huo kwa sauti ya chini, wimbo wa kulima ambao kila mtu pale aliwahi kuuimba mgongo ukimuuma, akaongeza beti zake juu yake, jina la kila kijiji na shamba lake gumu, na kila kijiji kilipotajwa watu wake wakapiga kelele na kuanza kukimbia.

Walikuja wote. Waliacha fisi juu ya bega la mwenzake. Vumbi lilipanda, nikasukumwa, nikashikilia bega la mtu nisiyemjua. Watu walimpita Anna kulia na kushoto kama anavyopitwa mtu yeyote aliyesimama njiani, na mama mmoja mnene, aliyetoka mbali na hakuwa amewahi kumwona, akamsukuma kwa kiwiko bila kumtazama usoni. "Mayu, sogea," alisema, "unaniziba." Anna aliniuliza amesema nini. Nilipomtafsiria, alifunika mdomo kwa mikono miwili, kisha akajipenyeza katikati ya watu akakimbilia mbele, na sikumwona tena mpaka mwisho. Upande wa pili wa uwanja alibaki Pieter peke yake na wapiga ngoma wa Maduhu, akipiga makofi kwa uaminifu.

Wazee hawakuhitaji kushauriana. Maduhu mwenyewe alivuka uwanja mtupu, akavua kilemba chake cha manyoya, akakiweka miguuni pa Lubango, akasema tusi moja ambalo siwezi kuliandika, na Lubango akamkumbatia.

Baadaye, watu walipokuwa wanatawanyika na wengine bado wanaimba, nilimkuta Lubango ameketi chini, anafungua njuga mguu mmoja baada ya mwingine. Nilisimama mbele yake. Aliinua uso uliojaa vumbi na jasho, akanitazama kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

"Shija," aliuliza, "wageni wako walikuja? Sikuwaona."